Kompyuta za bei nafuu za Uingereza: yanayosemwa na yaliyo kweli

Sokoni tunaonyana kwamba rahisi ni ghali, na mara nyingi onyo hilo huokoa pesa. Ukilitumia kupimia kompyuta za bei nafuu zilizobuniwa Uingereza tangu 1980, litakupotosha. Wabunifu wake walihesabu kila chipu na kila baiti, wakaondoa walichoona mtumiaji anaweza kukikosa. Ukijua kilichoondolewa, mashine inakutumikia miaka. Usipojua, utailaumu kwa makosa ya chaja na waya.

"Zilikuwa rahisi kwa sababu zilijaa vipuri hafifu"

Kompyuta ya ZX80 ya kampuni ya Sinclair ilitoka mapema 1980 kwa pauni 99.95. Mwaka uliofuata ZX81 ikauzwa pauni 69.95, au 49.95 kwa aliyekuwa tayari kulehemu vipuri mwenyewe. Kilichoshusha bei ni kwamba chipu 21 za ZX80 zilipunguzwa zikawa 4. Chipu moja iliyoagizwa maalumu kutoka kampuni ya Ferranti ilibeba kazi ya nyingi ndogondogo. Bodi ikawa ndogo, sehemu za kulehemu zikapungua, na sehemu za kuharibika nazo zikapungua.

Kisichokuwemo ni sakiti kamili ya kuchora picha. Prosesa ileile ya Z80 iliyopiga hesabu ndiyo iliyohangaika na skrini, na kwenye ZX81 kazi hiyo ilikula karibu robo tatu ya muda wake. Ukiandika FAST, skrini inazimika programu inapokwenda, na hesabu inafanyika karibu mara nne kwa kasi. Asiyejua huona skrini tupu, akadhani mashine imekufa, akachomoa waya na kupoteza kila kitu.

Ugonjwa wa kweli wa ZX81 ulikuwa mgongoni. Kumbukumbu iliyokuja nayo ni KB 1 tu (baiti 1,024), kwa hiyo watu walinunua kisanduku cha KB 16 na kukichomeka ukingoni mwa bodi, nyuma. Kibodi ni bapa, vitufe havibonyei, mtu analazimika kukandamiza. Mashine ikitikisika, kisanduku kinapoteza mguso kwa kitambo kidogo tu, na kazi ya saa nzima inafutika kabla hujairekodi kwenye kaseti. Dawa ilikuwa kukishikiza kwa gundi laini au utepe.

"Rangi za Spectrum zilivamiana kwa sababu ya kasoro"

Kwenye ZX Spectrum, kompyuta ya Sinclair ya Aprili 1982 (pauni 125 kwa KB 16, pauni 175 kwa KB 48), mhusika wa mchezo akipita mbele ya mti wa kijani, naye anageuka kijani. Hakuna kilichoharibika, hesabu yake ndiyo hii. Skrini ina nukta 256 kwa 192, yaani 49,152. Kila nukta ikitunzwa kama imewaka au imezimika tu, zinatosha baiti 6,144. Rangi zikawekwa kwa vyumba: vyumba 32 kwa 24, kila kimoja nukta 8 kwa 8, na kila chumba baiti 1 inayobeba rangi ya wino (nukta zilizowaka), rangi ya karatasi (zilizozimika), mng'ao na kumetameta. Hizo ni baiti 768, jumla 6,912.

Sasa chukulia kila nukta imepewa rangi yake yenyewe kati ya rangi 8. Picha peke yake ingetaka baiti 18,432, na toleo dogo lina kumbukumbu ya baiti 16,384. Haingii, hata kabla hujaandika mstari mmoja wa programu. Ndiyo maana kila chumba kina rangi mbili tu, na kwa maoni yetu huo ni uamuzi bora kuliko wote uliofanywa kwenye mashine ile.

Wapo wanaosema pia kwamba Spectrum ilitumia chipu mbovu. Hilo lina ukweli, ila lieleweke vizuri. Katika toleo la KB 48, KB 32 za juu zilitoka kwenye chipu nane za biti 65,536 ambazo nusu yake moja ilikuwa imefeli majaribio ya kiwandani. Zilinunuliwa kwa bei ya chini, na kiungo kidogo kwenye bodi kikachagua ile nusu nzima. Nusu mbovu haiguswi kamwe. Fundi anayebadilisha chipu moja leo asome alama yake kwanza, kwa kuwa zote nane lazima ziwe nzima upande uleule. Ukichanganya, mashine inawaka lakini kumbukumbu inafeli.

"BBC Micro ilitengenezwa na BBC"

Ilitengenezwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge. BBC ilitaka kompyuta ya kuendana na vipindi vyake vya televisheni vya kufundisha kompyuta, vilivyoanza Januari 1982. Haikuwa ya bei ya kutupa pia: modeli B ilitangazwa kwa pauni 335, na muda mfupi baadaye ikafika 399. Kilichoitofautisha ni viunganishi vyake, kikiwemo kimoja cha kuunga prosesa ya pili. Kiunganishi hicho kilikuja kuwa na kazi kubwa.

"ARM ilibuniwa kwa ajili ya simu"

ARM ni aina ya prosesa iliyomo kwenye simu nyingi za leo. Mradi wake ulianza Acorn mwaka 1983, na lengo lilikuwa kompyuta ya mezani. Sophie Wilson alibuni amri za prosesa, Steve Furber akabuni umbile lake. Chipu ya kwanza ilifika na kufanya kazi tarehe 26 Aprili 1985, ikijaribiwa kupitia kile kiunganishi cha BBC Micro. Ilikuwa na transista zipatazo 25,000.

Kula umeme kidogo kulitokana na kubana matumizi. Ganda la kauri la chipu ni ghali, la plastiki ni rahisi, lakini plastiki haistahimili joto la zaidi ya takriban wati 1. Wabunifu hawakuwa na zana nzuri za kukadiria joto mapema, wakabana kila mahali, na matokeo yakawa karibu sehemu ya kumi ya wati. Furber alipounga kipimo cha mkondo, kilisoma sifuri. Waya wa umeme wa chipu haukuwa umeungwa, lakini chipu ilikuwa inaendesha programu. Ilikuwa inajilisha kwa umeme uliopenya kupitia pini za mawasiliano kutoka sakiti za jirani.

Novemba 1990 Acorn, Apple na VLSI Technology waliunda kampuni ya pekee kwa ajili ya ARM, na biashara iliyoikuza ni kuuza leseni za kutumia michoro ya prosesa zake. Kwa hiyo prosesa ya simu yako, hata ikiandikwa MediaTek au Qualcomm, kwa kawaida inafuata amri zilizoanzia Cambridge.

"Raspberry Pi inakula chaja yoyote"

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja iliyobuniwa Uingereza, ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35, na dola hizo zilikuwa za bodi tupu: kadi ya kumbukumbu, chaja na nyaya ni juu yako. Pi 4 inataka volti 5.1 kwa ampea 3; Pi 5 inataka volti hizohizo kwa ampea 5. Chaja ya simu iliyoandikwa wati 33 hupata wati hizo kwa kupandisha volti hadi 9 au zaidi, na Pi haiombi volti hizo. Kwenye volti 5 chaja hiyo inaweza kutoa ampea 2 au 3 tu.

Waya nao unaiba. Waya mwembamba wenye ukinzani wa omu 0.2, ukipitisha ampea 3, unapoteza volti 0.6. Chaja inatoa 5.1, bodi inapokea 4.5, na onyo linawaka chini ya 4.63. Utaona alama ya radi kwenye skrini, kasi inashuka, diski ya USB inajitenga. Pima kwa amri hii:

vcgencmd get_throttled

Jibu 0x0 ni salama. 0x50000 maana yake umeme ulishuka na kasi ikapunguzwa wakati fulani tangu kuwashwa. 0x50005 maana yake yanatokea sasa hivi. Badilisha waya kwanza, tena uwe mfupi na mnene, kabla ya kununua bodi nyingine.

"Pini 17 ni pini 17"

Pini za Raspberry Pi zina namba za aina mbili: ya GPIO, yaani ya pini inayoamrishwa na programu, na ya nafasi kwenye bodi. GPIO 17 iko kwenye pini ya 11 ukihesabu kwa nafasi. Pini ya 17 kwa nafasi ni umeme wa volti 3.3 usiozimika. Ndiyo maana taa ya mwanafunzi inawaka muda wote na programu haiizimi. Kubwa zaidi, pini za GPIO huvumilia volti 3.3 tu, wakati pini za 2 na 4 zina volti 5. Kihisi kinachotoa ishara ya volti 5 kipitishe kwenye resista ya omu 1,000, kisha weka omu 2,000 kati ya pini ya GPIO na pini ya ardhi (GND). Pini ya GPIO itapokea takriban volti 3.3. Taa ya LED iwekee resista ya omu 330.

"Ukimaliza, chomoa tu"

Kadi ya Pi ikikatiwa umeme katikati ya kuandika, mfumo unaweza usiwake tena. Andika sudo poweroff, subiri taa ya kijani iache kumeta, ndipo uchomoe. Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, fungua sudo raspi-config, ingia Performance Options, washa Overlay File System. Kuanzia hapo mfumo unaandika kwenye kumbukumbu tu na kadi haiguswi. Data unayotaka kubaki nayo iandike kwenye diski nyingine, kwa sababu kila kilichoandikwa kwenye mfumo kinatoweka bodi ikizimwa.