Je, wajua afisa huyu alivaaje nishani aliyopewa baada ya "kufa"?

Tarehe 14 Oktoba 1940, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza lilitangaza kwamba Kapteni Eric Wilson ametunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani katika jeshi lao. Maelezo ya tangazo yalimalizia kwa kusema kwamba saa kumi na moja jioni ya 15 Agosti kapteni huyo, akipigana hadi mwisho, aliuawa. Kumbe marehemu alikuwa mateka mikononi mwa Waitalia, yu hai.

Mara ya kwanza kukisikia kisa hiki nilijiuliza swali moja tu: je, walimnyang'anya? Kichwani mwangu kulikuwa na nishani za aina mbili, ya walio hai na ya marehemu, na Wilson alikuwa amepewa isiyo yake. Niliichukulia kama sanda: mwenyewe akirudi nyumbani anatembea, inapelekwa dukani.

Nilikosea. Victoria Cross ni moja, msalaba uleule wa shaba na utepe uleule mwekundu. Kufa si sharti wala sifa ya ziada, ni hali ya mpokeaji tu. Nishani ililipa kazi iliyofanywa kati ya 11 na 15 Agosti, na kazi hiyo haikupungua hata chembe kwa sababu aliyeifanya bado anapumua. Najitetea kidogo, maana kosa hili lina chanzo chake. Nishani ilipoanzishwa mwaka 1856 iliwalenga walio hai, na ni mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo waliokufa walipokubaliwa. Kufikia Vita ya Pili ya Dunia hali ilikuwa imegeuka, kwani nishani kama Military Cross hazikutolewa kwa aliyekwisha kufa, ilhali Victoria Cross ilitolewa. Karibu nusu ya zilizotolewa katika vita ile zilikwenda kwa marehemu. Ukisoma orodha haraka haraka, unaweza kudhani ni nishani ya makaburini.

Sasa, jeshi linamzikaje mtu aliye hai? Agosti 1940 Waitalia waliivamia Somaliland ya Waingereza kwa jeshi kubwa mara kadhaa kuliko la Waingereza. Mahali pa kuwazuia palikuwa Tug Argan, kwenye njia ya kutoka Hargeisa kwenda bandari ya Berbera. Wilson, wa Kikosi cha Ngamia cha Somaliland, alikuwa kwenye kilima kimoja na askari wa Kisomali na bombomu zao. Waitalia wakasogeza mizinga hadi yadi 700 hivi na kupenyeza makombora mawili ndani ya matundu ya ngome. Wilson akajeruhiwa bega la kulia na jicho la kushoto, bombomu zikarushwa kutoka kwenye miguu ya kuzishikilia. Akazitengeneza, akazirudisha, akaendelea. Siku ya mwisho alikuwa na malaria juu ya majeraha.

Fikiria mashua inayozama usiku. Wavuvi wanaofika pwani wanasimulia kwa uhakika kwamba nahodha alishika usukani hadi maji yakamfika kifuani. Wanalijua hilo kwa sababu walikuwepo. Ukiwauliza baada ya hapo ikawaje, watasema amekufa, lakini hapo hawasimulii walichokiona, wanakisia. Walikuwa wameshaanza kuogelea. Wala hakuna wa kurudi kutafuta maiti, kwa kuwa bahari imefunga.

Ndivyo ilivyokuwa Tug Argan. Kilima kilitekwa, Waingereza wakarudi nyuma hadi Berbera, wakapanda meli na kuondoka nchini siku chache baadaye. Uwanja wa vita ukabaki kwa adui. Ushahidi wa ushujaa ulikuwa na wenyewe, ushahidi wa kifo haukuwa na mtu. Maelezo yale yalikosea mwishoni tu, pale mashahidi walipokwisha.

Hakuwa peke yake pia. Meja Herbert Le Patourel, aliyepigana Tunisia mwaka 1942, naye alitangazwa kama marehemu, kumbe ametekwa. Visa viwili havitoshi kuwa kanuni, lakini vyote vina upungufu uleule: adui kabaki na uwanja.

Maelezo yale yale yanataja kifo kingine, na hiki kilikuwa cha kweli. Sajini wa Kisomali aliuawa kando ya Wilson. Jina lake halikuandikwa.

Wilson mwenyewe alipata habari za nishani kambini Eritrea, kutoka kwa afisa wa jeshi la anga aliyekuja kutekwa baadaye. Nadhani ni watu wachache sana duniani waliopongezwa na kuzikwa katika sentensi moja. Waingereza walipoiteka Eritrea mwaka 1941 alikuwa huru. Akaenda kupigana jangwani Afrika Kaskazini, kisha Burma na askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki), akastaafu mwaka 1949 akiwa luteni kanali.

Baada ya hapo alikuja Tanganyika, akawa afisa utawala wa serikali ya kikoloni hadi uhuru wa 1961. Aliyepeleka shauri ofisini kwake alikuwa akizungumza na mtu ambaye serikali ya Uingereza ilishamtangaza marehemu. Alifariki, safari hii kweli, tarehe 23 Desemba 2008, akiwa na miaka 96.