Damu ya kipimo cha sukari haiuzwi

Jijini Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igombe, bado husikika kwamba watafiti wa kisukari ni mumiani, wanachota damu wakauze. Chupa yao ya kifuniko cha kijivu hubeba mililita 2 hadi 4 tu. Mchangia damu hutoa kama 450. Tena chupa hiyo ina kemikali ya floraidi, hivyo damu yake haifai kuongezewa mgonjwa yeyote.

Floraidi huzuia seli za damu kula sukari iliyomo chupani. Bila hiyo, sukari hupungua asilimia 5 hadi 7 kila saa, na mgonjwa huonekana mzima. Nayo floraidi huchelewa kushika kazi, ndiyo maana wataalamu wa maabara hukimbilia barafu. Haraka hiyo si ya mwizi!

Kuchomwa mara mbili? Mara ya kwanza ni kabla ya kunywa gramu 75 za glukosi, yaani sukari, na ya pili ni saa 2 baadaye, kuona mwili umeimudu vipi.