Kijiji cha Wharram Percy hakikuuawa na tauni

Ukifika Wharram Percy, kwenye vilima vya Yorkshire kaskazini mwa Uingereza, unaona kanisa lisilo na paa na matuta ya nyasi yanayoonyesha nyumba zilipokuwa. Wengi husema papo hapo: tauni ya 1348–1349 ilifagia kijiji kizima. Sivyo.

Tauni iliua watu, hilo halina ubishi. Lakini mwaka 1368, karibu miaka 20 baadaye, nyumba zipatazo 30 bado zilikuwa na wakazi. Katikati ya karne ya 15 zilibaki kama 16. Pigo la mwisho lilitoka kwa mwenye ardhi. Sufu ililipa kuliko nafaka, na shamba la kondoo lilihitaji mchungaji mmoja au wawili tu, si wakulima na majembe yao ya kukokotwa na ng'ombe. Kufikia mwaka 1500 hivi, familia za mwisho zilikuwa zimefukuzwa.

Kanisa lenyewe ni ushahidi mzuri. Tazama kuta zake: utaona matao yaliyozibwa kwa mawe. Waumini walipopungua, mabawa ya pembeni yalibomolewa na uwazi ukajengewa. Ibada ziliendelea humo hadi karne ya 20, kwa kuwa vijiji jirani vilikuwa parokia hiyohiyo.

Haya hayakutoka kwenye hati peke yake. Mwanahistoria Maurice Beresford na mwanaakiolojia John Hurst waliongoza uchimbaji wa mabaki ya kale hapo kwa takriban miaka 40, kuanzia 1950.