Je, Binadamu Huzaliwa na Njaa ya Dini?

Mara nyingi mjadala huu huibuka msibani. Mtu anayejulikana kuwa haendi kanisani wala msikitini kafiwa na mama yake, na wazee wanaambizana pembeni: "Sasa ataona haja ya Mungu." Mimi ni mtu wa kuswali, na kauli hiyo imenikera miaka mingi. Inamwonea mfiwa, tena inaishusha imani iwe kama kiu au usingizi.

Dhana: Hakuna kabila lisilo na dini, kwa hiyo dini imo damuni.

Mwaka 1969 Mkenya John Mbiti, mwanateolojia, aliandika kwamba Waafrika ni watu wa dini kupindukia, na hadi leo kauli hiyo hurudiwa kama isiyo na mjadala. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, hakukubali. Alisema wasomi walikuwa wakiwavisha Waafrika miungu wasiyoijua, na akasimulia kisa cha Waacholi, watu wa kaskazini mwa Uganda. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee ni nani aliyewaumba. Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kwa maana ile, hivyo swali likawa, "Nani aliwafinyanga?" Wazee wakashangaa, maana mtu huzaliwa na mama yake. Walipozidi kubanwa, mmoja akakumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima huweza kuugua kifua kikuu cha uti wa mgongo, akapinda, kana kwamba amefinyangwa upya. Akajibu kuwa Rubanga ndiye afinyangaye watu. Rubanga alikuwa pepo aliyeaminika kuleta kibyongo. Mapadri wakalichukua jina hilo kuwa ndilo la Mungu, na Waacholi Wakristo wanalitumia hadi sasa.

Nikisikia "kila kabila lina dini" hujiuliza kwanza nani aliuliza, na kwa maneno gani. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hawana makuhani wala nyumba za ibada. Wana masimulizi ya jua na mwezi, na usiku wa giza, mwezi usipoonekana, hucheza ngoma ya epeme. Ukitaka kuiita dini, iite. Lakini hapo hukuti msahafu, wala kiongozi, wala orodha ya mambo ambayo lazima mtu ayaamini. Kilichoenea duniani ni vipande vipande: kuwazika wafu kwa heshima, kucheza na kuimba pamoja, kutaka kujua nani kaleta ugonjwa. Kila jamii imevishona kwa namna yake, na nyingine hazikuvishona kabisa.

Dhana: Wanasayansi wamegundua jeni ya Mungu.

Hawajagundua. Mwaka 2004 Dean Hamer, mtaalamu wa jeni (chembe za urithi) wa Marekani, aliitaja jeni iitwayo VMAT2. Alichopima ni majibu ya dodoso kuhusu hisia ya mtu kujisahau na kujiona sehemu ya ulimwengu, si kumwamini Mungu. Hata kwa hisia hiyo, mchango wa jeni ulikuwa mdogo mno.

Dhana: Mtoto huzaliwa tayari ana dini.

Deborah Kelemen, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwauliza watoto kwa nini baadhi ya mawe yana ncha. Wengi walipendelea jibu kwamba ni ili wanyama wapate kujikunia. Akili changa huona kusudi kila mahali, na akili ya namna hiyo hupokea habari za Muumba bila shida. Hata hivyo, lazima awepo wa kumpa habari hizo. Waislamu wenzangu watanitajia fitra, yaani hadithi ya Mtume kwamba kila mtoto huzaliwa na maumbile ya kumtambua Mungu, nami naiamini. Lakini hadithi hiyo hiyo inaendelea: wazazi wa mtoto ndio humfanya Myahudi, Mkristo au Mmajusi.

Dhana: Asiye na dini ana pengo moyoni, hata akikana.

Haja ni kitu ambacho ukikikosa unadhurika. Mtoto asiyesemeshwa na mtu huharibika. Aliyelelewa bila dini hukua kama wengine. Katika sensa ya mwaka 2021 ya Estonia, nchi ya Ulaya, asilimia 58 ya waliojibu walisema hawana dini, na huko watu wanaoana, wanalea, wanazikana. Kenya nako, sensa ya 2019 iliwahesabu zaidi ya watu 755,000 wasio na dini. Ni kweli tafiti nyingi huwakuta waumini wakiridhika zaidi na maisha, ila faida hiyo hufifia katika nchi ambako wenye dini ni wachache. Nadhani sehemu kubwa yake ni kuwa na watu wa kukujulia hali.

Dhana: Basi dini ni mazoea tu, ikipigwa marufuku itakufa.

Albania ilijaribu. Mwaka 1967 serikali ya kikomunisti ya Enver Hoxha ilifunga misikiti, makanisa na nyumba nyingine za ibada, jumla zaidi ya 2,000. Padri Simon Jubani alikaa gerezani miaka 26. Novemba 1990, utawala ulipoanza kulegea, aliongoza misa ya kwanza ya hadharani mjini Shkodër, na umati ukamfuata. Misa hiyo ilisomwa makaburini.