Büsingen: kijiji cha Ujerumani ndani ya Uswisi

Kila ninapofundisha somo la mipaka naanzia Büsingen am Hochrhein. Ni kijiji cha Ujerumani chenye watu wapatao 1,500 na kilomita za mraba 7.62, nacho kimezungukwa na Uswisi pande zote. Upande wa nchi kavu kimekumbatiwa na jimbo la Schaffhausen. Kusini kuna mto Rhine, na ng'ambo yake majimbo ya Zürich na Thurgau. Ujerumani yenyewe haiko mbali: penye wembamba zaidi, kinachotenganisha ni kama mita 700 tu za ardhi ya Dörflingen, kijiji cha Uswisi.

Mtu akiiona ramani hiyo kwa mara ya kwanza hudhani mpimaji alikosea. Chanzo chake hasa ni ugomvi wa ukoo mmoja.

Katika karne ya 17 Büsingen ilikuwa chini ya Austria, dola ya Kikatoliki, lakini msimamizi wake alikuwa Eberhard Im Thurn, mtu wa ukoo mkubwa wa Schaffhausen, mji wa Waprotestanti. Ndugu zake wakamshuku kwamba anaegemea Ukatoliki. Mwaka 1693 wakamteka, wakampeleka mjini na kumkabidhi kwa wakuu, naye akafungwa. Austria iliona imedhalilishwa, ikaubana mji mpaka Im Thurn akaachiwa mwaka 1699. Kinyongo hakikuishia hapo. Schaffhausen ilipokomboa kwa fedha, kutoka Austria, haki zake za kutawala vijiji vya jirani mwaka 1723, Büsingen haikuwemo. Mwaka 1770 Austria ikaiuzia Zürich vijiji vya Ramsen na Dörflingen, lakini Büsingen ikaing'ang'ania makusudi, ibaki kuwa kero ya milele kwa Schaffhausen. Dörflingen ilipouzwa, njia ya Büsingen ya kutoka ikafungwa.

Baada ya hapo kijiji kikapita mikononi mwa dola mbili za Kijerumani, Württemberg mwaka 1805, kisha Baden mwaka 1810, na hatimaye kikaingia pamoja na Baden katika Ujerumani iliyoungana. Vita vya Kwanza vilipomalizika ndipo wanakijiji walipopiga kura: asilimia 96 walitaka Uswisi. Hawakupewa, kwa sababu Uswisi haikuwa na eneo la kufaa kutoa badala yake. Mimi naona hiyo ni dhuluma, maana kura ilikuwa wazi kuliko kura nyingi za mipaka ninazozifahamu.

Vita vya Pili vikaonyesha ugumu wa maisha hayo. Askari wa Kijerumani mzaliwa wa Büsingen akija likizo, ilimbidi aache silaha mpakani Gailingen, upande wa Ujerumani, kisha walinzi wa Uswisi wakamwazima koti refu la kufunika sare zake, ndipo apite Dörflingen kwa miguu kwenda kwao.

Suluhisho lilikuja kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 1964 na kuanza kazi mwaka 1967. Kipande kingine kama hicho, Verenahof, chenye nyumba tatu na Wajerumani 11, kilihamishiwa Uswisi moja kwa moja. Büsingen ilibaki Ujerumani, ila kwa ushuru wa forodha ikawekwa upande wa Uswisi. Mkataba umeingia hadi kwenye mambo madogo: polisi wa Uswisi hawaruhusiwi kuzidi 10 kijijini kwa wakati mmoja, na wa Ujerumani wasizidi watatu kwa kila wakazi 100. Magari yana namba zake, BÜS, tofauti na KN za wilaya ya Konstanz, ili maofisa wa forodha wa Uswisi wayatambue mara moja. Barua inafika ukiandika 78266 ya Ujerumani au 8238 ya Uswisi. Euro ndiyo fedha rasmi, lakini faranga ndiyo iliyozoeleka madukani. Timu ya FC Büsingen inacheza ligi ya Uswisi.

Mfano ninaoupenda zaidi umo ndani ya kompyuta. Mwaka 1980 Ujerumani ilianza kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi, Uswisi bado. Kijiji kikafuata saa ya Uswisi, kwa hiyo katika orodha ya majira ya dunia inayotumiwa na kompyuta kuna jina la Europe/Busingen, sambamba na Berlin na Zurich.

Wasomaji wa Oman wanajua jambo la aina hii: Madha imo ndani ya Falme za Kiarabu, na ndani ya Madha kuna Nahwa, ambayo ni ya Sharjah.

Kinachoisumbua Büsingen leo ni kodi. Wafanyakazi wengi wanalipwa faranga Uswisi na kununua vitu kwa bei za Uswisi, lakini kodi ya mapato wanalipa kwa viwango vya Ujerumani, ambavyo ni vikubwa zaidi. Serikali inawapunguzia kiasi, na bado haitoshi. Vijana wenye familia wanahama kilomita chache tu na kuingia Uswisi, huku wastaafu kutoka Uswisi wakiwa wamehamia kijijini, kwa kuwa pensheni zao zilitozwa kodi ndogo upande wa Ujerumani. Ndiyo maana Büsingen ina wazee wengi kuliko vijiji vya kawaida vya eneo hilo.