Mbawakawa mweusi wa kuwamaliza nzi weupe

Delphastus catalinae ni ndugu mdogo wa yule mdudu-kibibi mwekundu mwenye madoa. Ni mweusi, anang'aa, hafiki hata milimita 2, na asili yake ni bara la Amerika. Kenya hawezi kuingizwa bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea.

Anakula mayai na tunutu (watoto wasioruka) wa nzi weupe, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea. Wanaoruka hana habari nao, kwa hiyo usishangae ukitikisa mmea wiki ya kwanza na wingu likainuka vilevile. Virusi vya kukunja majani vilivyokwisha kuingia kwenye nyanya navyo haviwezi.

Ni mlafi, na ulafi wake ndio unaowaponza wakulima. Jike huhitaji kula mayai ya nzi zaidi ya 100 kwa siku ndipo naye atage. Ukimwachia kwenye kitalu nyumba chenye nzi wachache, eti tahadhari, ataondoka au atakufa bila kizazi. Nzi wachache ni kazi ya nyigu Encarsia formosa, anayetaga ndani ya tunutu. Mbawakawa mpeleke palipochafuka, majani yananata na ukungu mweusi kama masizi umeanza. Hawagombani: mbawakawa huwaepuka tunutu ambao ndani yao nyigu ameshakua.

Waachie jioni, madirisha yakiwa yamefungwa, na uondoe kwanza mitego ya manjano ya gundi, maana itawanasa. Anza na wawili kwa kila mita ya mraba ya eneo lililoshambuliwa, lakini usiwagawe sawasawa kama mbolea. Wamwage kwenye mimea iliyozidiwa zaidi, kisha rudia baada ya wiki moja au mbili. Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30, yai huchukua kama wiki tatu kuwa mbawakawa.

Wakitoweka, kagua daftari la dawa kabla ya kumlaumu aliyekuuzia: mabaki ya pairethroidi au imidaklopridi huua wiki kadhaa baada ya kupulizwa. Kisha tazama sisimizi: huwalinda nzi weupe kwa ajili ya ule utomvu mtamu wanaoutoa, unaofanya majani yanate. Nyanya nayo ina vinyweleo vinavyonata, vinavyomkwamisha. Kwenye pilipili hoho hutembea vizuri zaidi.

Na ukataji wa majani ya chini! Mabuu hushuka huko kugeuka pupa. Ukiyakata majani hayo na kuyachoma siku hiyohiyo, umechoma kizazi kijacho. Yalaze chini ya mimea siku chache, pupa wapasuke kwanza.