Ghorofa ya Thelathini Inalipiwa na Nani?

Mkadiriaji majenzi analihesabu jengo kabla halijasimama: nondo, saruji, vioo, lifti, ujira wa mafundi. Kila mnara unapopendekezwa kwa fedha za umma, swali la kwanza tunaloulizwa ni litagharimu shilingi ngapi. Mimi ningeanza na jingine: nani atapanga ghorofa za juu, na akihama itakuwaje?

Dar es Salaam imeshalipitia hilo. Kwa miaka mingi mifuko ya hifadhi ya jamii ilipeleka sehemu ya michango ya wanachama kwenye majengo ya katikati ya jiji, ikiwemo minara pacha ya uliokuwa mfuko wa pensheni za watumishi wa umma, PSPF, pale Barabara ya Sokoine, yenye ghorofa zaidi ya 30. Hesabu yenyewe haikuwa ya kijinga. Serikali na mashirika yake walikuwa wapangaji wakubwa, na nani analipa pango kwa uhakika kama Serikali? Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kuwa Serikali inahamia Dodoma, uamuzi uliokuwa umelala kwenye makabrasha tangu 1973. Mpangaji wa uhakika akafunga virago. Na kule Mtumba, mji wa Serikali uliojengwa Dodoma, ofisi za kwanza za wizara zilijengwa za chini. Maghorofa yalifuata baadaye. Mafaili hayakukataa kusomwa kwa sababu hakuna lifti.

Wengi hudhani ghorofa ya 30 ina bei sawa na ya tatu, ila tu iko juu zaidi. Chukua maji peke yake. Kila mita 10 za kimo huongeza takriban baa moja (kipimo cha presha) kwenye bomba. Mnara wa mita 150 ukilishwa moja kwa moja kutoka tangi la juu, bomba za chini zingebeba karibu baa 15, na koki ya kawaida haikuundwa kwa presha kama hiyo. Kwa hiyo unaweka matangi na pampu katikati ya jengo, na sakafu ambayo ingepangishwa inageuka chumba cha mitambo.

Lifti ni mbaya zaidi. Anayefanya kazi ghorofa ya 30 hafiki kwa ngazi, na saa mbili kasoro asubuhi wote wanataka kupanda kwa pamoja. Ukiongeza lifti kwa ajili yake, shimo lake linapita kwenye kila sakafu iliyo chini, maana yake mtu wa juu anakula nafasi ya mtu wa ghorofa ya tatu. Bado nguzo zinazonenepa kadiri unavyoshuka, na ngazi za dharura. Jengo la ghorofa sita lililopangwa vizuri linaweza kupangishwa asilimia 80 ya sakafu au zaidi. Kwenye mnara, 70 ni jambo la kushukuru, wakati kila mita ya mraba imejengwa kwa bei kubwa zaidi.

Niliwahi kuitwa kupima jengo la taasisi moja ya umma. Ghorofa za juu zilikuwa na nailoni za kiwandani bado kwenye vitasa vya milango, na mlinzi alikuwa ameanika shati lake dirishani, penye mandhari nzuri ya bahari. Lifti nne, mbili zimebandikwa karatasi ya "mbovu". Taa za korido ziliwaka mchana kutwa, na bili ilikuja kila mwezi kana kwamba jengo limejaa.

Wafanyabiashara wanaofuata mzigo Dubai huniuliza mbona wenzetu wameweza. Burj Khalifa ina mita 828, lakini mita 244 za juu hakai mtu. Ni mnara juu ya mnara. Novemba 2009, kampuni ya serikali Dubai World iliomba kusogezewa muda wa kulipa madeni yake. Mwezi uliofuata Abu Dhabi ikaiokoa Dubai kwa dola bilioni 10. Jengo, ambalo hadi hapo liliitwa Burj Dubai, lilizinduliwa Januari 4, 2010 kwa jina la Sheikh Khalifa, mtawala wa Abu Dhabi. Dubai ikabaki na bili za lifti.

Sisemi kila jengo refu la umma ni hasara. KICC, jumba la mikutano ya kimataifa la Nairobi, ghorofa 28, ilikamilika 1973 na mwaka huohuo ikapokea mkutano wa Benki ya Dunia na IMF. Tofauti yake ni kwamba haitegemei mnara peke yake, ina kumbi za mikutano chini yake, na wenye mikutano wanaendelea kuja.

China, yenye minara mirefu mingi kuliko nchi nyingine yoyote, ilibana mwaka 2021: miji yenye watu chini ya milioni 3 isijenge kupita mita 150 bila kibali maalumu, na kiongozi anayeidhinisha kinyume cha utaratibu atawajibika maisha yake yote, hata akishastaafu. Kifungu hicho cha mwisho ningependa kukiona kwetu.

Wakati huohuo, kama unakatwa mchango kila mwezi, ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ni ya wote na hutoka kila mwaka. Fungua sehemu ya mashirika ya umma, tafuta uwekezaji wa mifuko kwenye majengo, usiishie kwenye thamani ya jengo. Tafuta ni mita ngapi za mraba zina mpangaji, na wangapi kati ya wapangaji hao wanalipa.